Besi ya Kitomanga

Hussen alikuwa na duka la kutengeneza redio, simu na maspika pale Kilwa Masoko, na watu wengi walimjua kwa kazi hiyo. Wachache tu ndio waliojua kwamba chumba cha nyuma cha duka lile kilikuwa na magitaa ya besi, manne au wakati mwingine sita, mengine yamelala kwenye masanduku yake, mengine yamening'inizwa ukutani kwa kamba za manila. Yote yalikuwa ya zamani. Besi mpya hazikumshughulisha. Alizitafuta zile zilizoingia nchini miaka ya sitini na sabini kwa ajili ya bendi za mashirika, za mashamba ya mkonge na za vyama vya ushirika. Bendi zilikufa, vyombo vikabaki stoo na chini ya vitanda vya watu. Yeye alivinunua, akavisafisha, akabadilisha nyaya zilizooza, kisha akawauzia watu wenye ugonjwa kama wake.

Watu hao walikutana kwenye kundi la WhatsApp lililoitwa Nyuzi Nne. Hussen ndiye aliyelianzisha na ndiye aliyelisimamia. Walikuwemo watu wa Dar es Salaam, Morogoro, Tanga, Mombasa, hata mmoja wa Lubumbashi. Humo mtu aliweza kutuma picha ya skrubu moja, na watu wakabishana siku mbili kama ni ya kiwandani au imebadilishwa. Wengine walishikilia kwamba besi ya kweli ni ile ambayo haijaguswa, yenye kila kitu ilichozaliwa nacho. Wengine walisema chombo ni cha kupigwa, na ambacho hakina makovu ni kama jembe lisilojua shamba. Mabishano yakifika pagumu, mtu mmoja angeandika, "Tumsubiri Hussen." Naye Hussen angeitazama picha, angetaja mwaka, na mara nyingi hakukosea.

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwahi kulisema kundini, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Hussen hakujua kupiga besi.

Alizaliwa Tingi, baba yake akiwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Akiwa na miaka tisa, masika yalikata barabara, na bendi moja iliyokuwa safarini kwenda kusini ikakwama pale kijijini siku nne. Usiku wa pili wakapiga muziki kwenye ghala la mazao. Hussen hakuruhusiwa kuingia. Alisimama nje, mgongo wake umeegemea ukuta wa udongo, na kilichomfikia kupitia ule ukuta hakikuwa maneno ya waimbaji wala gitaa la juu. Kilikuwa besi. Ilimwingia mgongoni ikatokea kifuani. Baba yake alipopata habari hakumpiga. Alimwambia tu kwamba mtoto wa mwalimu haonekani kwenye ngoma, na Hussen akalishika neno hilo. Baba alipofariki, Hussen alikuwa na miaka thelathini na mbili, na aliona umri wa kuanza kujifunza umempita. Akaanza kununua.

Mwezi wa kumi wa mwaka jana, korosho zikiwa zimeanza kuanguka, mwalimu mmoja wa Lindi aitwaye Dativa alituma picha kundini. Dativa alikuwa mwanakwaya, na kwenye kundi alikuwa msomaji zaidi kuliko msemaji. Picha ilionyesha besi imelazwa juu ya mkeka, rangi yake kahawia iliyokoza hadi kuwa nyeusi pembeni, vanishi imepasuka mistari midogo kama tope lililokauka.

"Kuna mama Kitomanga anaiuza," aliandika. "Nani anajua ni ya aina gani?"

Kundi likawaka. Mmoja alisema ni nakala ya Kijapani. Mwingine akasema hapana, hiyo ni Fender yenyewe ya Marekani, tena ya mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wa tatu alikuza picha, akaonyesha kipande cheusi pale shingo inapokutana na kichwa, kile chenye mifereji minne ya kubebea nyuzi. "Hicho si cha kiwandani," aliandika. "Mtu ameshaichezea. Thamani yake imeshuka." Kisha likaja lile neno la kawaida: tumsubiri Hussen.

Hussen aliikuza picha kwenye simu yake dukani, mteja akiwa amesimama mbele yake na redio mkononi. Aliijua. Isingekuwa kile kipande cheusi, angesema haijawahi kufunguliwa tangu itoke kiwandani. Na alimjua mtu aliyekuwa akiitafuta ya aina hiyo kwa miaka mitatu: Mzee Jafari, mfanyabiashara wa vipuri vya magari Dar es Salaam, ambaye alikuwa na besi kumi na moja.

Aliandika kundini: "Picha haionyeshi vizuri. Sina uhakika." Halafu akamtafuta Dativa pembeni, akaomba namba ya yule mama.

*

Mama huyo aliitwa Debora. Alikuwa na miaka sitini na minane, Mmakonde ambaye wazazi wake waliteremka kutoka uwanda wa juu kutafuta kazi ya mkonge, na sasa aliishi Kitomanga kwenye nyumba ya tofali yenye mikorosho nyuma yake. Hussen alimkuta amekaa barazani, akitenganisha korosho na mabibo. Aliifanya kazi hiyo polepole. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimekaza, viwili havikunjiki kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa Kilwa?"

"Ndiye mimi."

Alimkaribisha maji, akamletea besi kutoka ndani, imefungwa kwenye kitenge. Hussen aliomba ruhusa ya kuifungua. Alilegeza nyuzi, akatoa skrubu nne za nyuma, akaitenga shingo na mwili, na pale kwenye kisigino cha shingo akaona alichokuwa akikitafuta, mhuri wa wino uliofifia wenye mwezi na mwaka. Elfu moja mia tisa sabini na tatu. Akamweleza mama yule kila kitu: waya huu ni wa mwanzo, sumaku hizi hazijaguswa, funguo hizi za kukazia nyuzi ziliacha kutengenezwa mwaka fulani. Alieleza kwa furaha, maana hakupata nafasi ya kusema hayo ana kwa ana mara nyingi. Bi Debora alimsikiliza hadi mwisho.

"Na hicho cheusi?" Hussen aliuliza.

"Mpingo. Cha mwanzo kilivunjika, marehemu mume wangu akanichongea hicho. Valentini. Alikuwa mchonga vinyago."

Alimsimulia kwa ufupi. Kaka yake ndiye aliyekuwa mpigaji besi wa Kitunda Jazz, bendi ya shamba la mkonge. Yeye Debora alikuwa akimtazama mazoezini na kujaribu akiwa ametoka. Siku moja kabla ya dansi la Sabasaba kaka akashikwa na homa, hawezi kusimama, na kiongozi wa bendi hakuwa na mtu mwingine. Debora akapanda jukwaani akiwa na miaka ishirini, amevaa gauni la kanisani. Watu walikuja kushangaa mwanamke, wakasahau kushangaa, wakacheza. Alipiga miaka kumi na miwili. Shamba lilipofungwa, meneja aliwaambia wapigaji kila mmoja achukue chombo chake aende nacho.

"Niliendelea kupiga hapa nyumbani," alisema. "Valentini alipofariki, vidole navyo vikaanza hivi. Mwaka wa tisa sasa haijapigwa." Akasukuma korosho pembeni. "Haya. Irudishe kama ilivyokuwa, unipigie."

Hussen aliirudisha shingo, akakaza nyuzi, akazipima moja moja kwa programu ya simu hadi zikawa sawa. Kisha akaishika, na mikono ikasimama.

"Mama, mimi ni mnunuzi tu."

"Hupigi?"

"Sipigi."

"Unaijua kama mwosha anavyomjua maiti," Bi Debora alisema bila ubaya. "Kila kiungo. Lakini hamjawahi kuzungumza." Akaichukua besi, akaanza kuifunga kwenye kitenge chake. "Siiuzi kwa sababu ya shida, ingawa bati za jikoni zimechoka. Naiuza ili ipigwe. Kama ni kukaa tu, hapa kwangu inakaa vizuri. Mlete anayepiga."

Hussen alirudi Kilwa na aibu yake. Angeweza kumwambia Mzee Jafari kwamba mama amekataa, na jambo likaishia hapo. Alifikiria kufanya hivyo siku mbili nzima. Siku ya tatu akampigia simu Stephano.

*

Stephano alikuwa mpigaji besi wa kwaya moja ya Lindi mjini, mtu wa makamo, fundi seremala, mpole. Besi aliyokuwa akiipiga kanisani ilikuwa ya kuazima, na Hussen ndiye aliyekuwa akimtengenezea spika kwa bei ya kirafiki. Alipoelezwa mpango wa kwenda kupiga mbele ya yule mama, aliuliza:

"Kwa hiyo niseme ni yangu?"

"Useme unanunua. Kupiga utapiga kweli. Hapo hakuna uongo."

"Na baadaye?"

"Baadaye niachie mimi."

Walikwenda Jumamosi. Hussen alibeba spika ndogo ya betri. Stephano alikaa kwenye kigoda, akapiga kwanza wimbo wa kanisani, kwa hadhari. Bi Debora alikuwa amefumba macho.

"Unajaza mno," alisema. "Nani anakukimbiza? Rudia, halafu pale mwisho wa mstari, usiweke kitu. Acha wacheze hapo."

Stephano akarudia. Mara ya tatu kitu kilibadilika. Hussen, aliyekuwa ameegemea nguzo ya baraza, alikihisi mgongoni kabla hajakisikia. Jirani mmoja aliyekuwa anapita na ndoo alisimama. Bi Debora akaanza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa Kimakonde ambao Hussen hakuujua, na Stephano akamfuata, akakosea, akamfuata tena, na walikwenda hivyo labda nusu saa. Alipomaliza, shati la Stephano lilikuwa limelowa.

"Chukua," mama yule alimwambia. "Utakapoipiga kanisani mara ya kwanza, niambie. Nitapanda gari nije."

"Nitakuambia, mama," Stephano alisema, na hakumtazama.

Kisha akamkabidhi fedha alizopewa na Hussen, wakaondoka. Walipofika Lindi, Stephano alishuka, akamkabidhi Hussen besi, akasema, "Usinipigie tena kwa jambo kama hili."

*

Mzee Jafari alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu zaidi. Alimpokea Hussen nyumbani kwake Dar es Salaam, akamlisha pilau, akamwuliza habari za watoto. Kisha akamfungulia chumba. Kilikuwa na kiyoyozi, na besi kumi na moja zilitundikwa ukutani kwa mpangilio wa miaka, kila moja na kibao chake cha maelezo. Palikuwa na nafasi moja wazi.

Aliigeuza ile besi mikononi kama mtu aliyepewa mjukuu. Halafu akaonyesha kile kipande cheusi.

"Hiki ndicho kinachoiharibu. Nimeagiza cha mfupa, cha mwaka ule ule, kimefika juzi. Hussen, mkono wako mwepesi. Niwekee."

Kazi hiyo ilichukua dakika ishirini. Hussen aligonga taratibu kwa kipande cha mti hadi mpingo ukaachia, akasafisha gundi ya zamani, akaweka kile cha mfupa. Kipande cha mpingo kilibaki mezani, kidogo kuliko kidole, kimeng'aa kwa kusuguliwa. Mzee Jafari hakukiulizia. Hussen akakitia kwenye mfuko wa shati.

Siku hiyo hiyo jioni picha ikaingia kundini: besi kumi na mbili ukutani, na maneno, "Mgeni wetu mpya. Sabini na tatu. Asanteni Hussen." Watu wakamwaga pongezi.

Asubuhi Dativa alipiga simu.

"Kaka Hussen, ile besi si alichukua Stephano?"

Hussen akatafuta pa kukaa.

"Maana mama amenipigia juzi," Dativa aliendelea. "Anauliza kwaya ya Stephano inaimba lini, ameshatenga nguo. Mimi ndiye niliyekupa namba yake."

"Najua, dada."

"Mimi sitamwambia. Utamwambia wewe."

Zilipita siku nne. Katika siku hizo Hussen alitengeneza redio tatu, akaunganisha waya wa moja vibaya, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Siku ya tano akafunga duka.

*

Bi Debora alikuwa palepale barazani, magunia mawili ya korosho yameshashonwa midomo. Alitazama nyuma ya Hussen, kama anayemtafuta Stephano.

"Nimekuja peke yangu," Hussen alisema. "Mama, besi haiko kwa Stephano."

"Iko wapi?"

"Dar es Salaam. Kwa mzee mmoja anayezikusanya. Anazitundika ukutani."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ile. Nilijua tangu mwanzo kwamba inakwenda kwake. Stephano nilimwomba mimi, naye hakupenda." Akatoa kile kipande mfukoni, akakiweka kwenye kiganja cha mama. "Na hiki nilikitoa mimi kwa mkono wangu."

Bi Debora hakupandisha sauti. Alikigeuza kipande kile kwa kidole gumba, akapitisha ukucha kwenye mifereji yake minne. Hussen alitamani matusi.

"Alikichonga mara tatu," mama alisema. "Cha kwanza kilinyanyua nyuzi mno, zikaniumiza. Cha pili kilipasuka. Hiki alikisugua kwa majani ya msasa wiki nzima. Na Valentini hakuupenda muziki. Zile kelele za bendi zilimpa kichwa. Alinichongea tu." Akafumba kiganja. "Ungeniambia kweli, ningekukatalia, ukarudi kwenu mikono mitupu, basi. Kukataliwa hakujaua mtu."

"Ni kweli."

"Kwa nini wewe hukujifunza kupiga?"

Hussen akamsimulia habari za Tingi, ghala, ukuta wa udongo na neno la baba yake. Hakuwahi kumsimulia mtu, hata mkewe alijua nusu tu. Mwisho akauliza jambo ambalo lilikuwa likimzunguka tangu siku ya kwanza. "Ile bendi, mama, haikuwa yenu?"

"Hapana. Sisi hatukuwahi kufika Tingi." Akanyanyuka kwa shida, akiegemea ukuta. "Nenda sasa. Nataka kukaa peke yangu."

Akiwa barabarani, Hussen alimpigia Mzee Jafari, akamweleza kila kitu, akaomba kuinunua tena. Mzee Jafari alisikiliza kwa utulivu. "Hussen," alisema, "mimi nimekosa nini? Niliuziwa, nikanunua. Uongo ni wako, usinibebeshe."

Basi Hussen akaandika kundini. Aliandika kwa muda mrefu, akikaa kwenye benchi kituoni, akaacha gari mbili zimpite. Alieleza kwamba picha ya kwanza aliitambua akasema hana uhakika. Kwamba alimtumia mtu mwingine kumdanganya mama. Kwamba yeye mwenyewe hajui kupiga hata wimbo mmoja. Mwisho akasema anajiuzulu usimamizi wa kundi, na kama Dativa atakubali, auchukue yeye.

Majibu yalikuja ya kila namna. Wengine walisema mali ikishauzwa muuzaji hana sauti. Wengine walisema huo ni wizi uliovaa suti. Yule wa Lubumbashi aliandika kwamba kwao chombo kinauzwa pamoja na masharti yake, kama shamba lenye kaburi. Watu wanane waliondoka kundini. Mabishano yakaendelea hadi Dativa, aliyekwenda Kitomanga kumjulia hali Bi Debora, akamsomea ujumbe wote, mmoja baada ya mwingine. Alipomaliza, mama akaomba aonyeshwe namna ya kurekodi sauti.

Ujumbe ule ulikuwa wa dakika moja na nusu.

"Mimi ni Debora. Hamjambo. Nimesikia mnabishana. Mwaka wake wa kuzaliwa siujui, hayo mnayajua nyinyi. Mimi najua kwamba uzi ule mnene hulegea ukumbi ukipata joto, inabidi uukaze kabla ya wimbo wa pili. Najua ukiipiga karibu na shingo inakuwa na sauti ya mtu aliyetoka usingizini. Huyo aliyenayo simdai, alinunua. Namwomba kitu kimoja tu. Asiiache imetundikwa na nyuzi zimekaza, hakuna anayeigusa. Shingo itapinda. Ama aipige, ama azilegeze nyuzi. Nawashukuru."



*

Wiki mbili zilipita. Kisha Mzee Jafari akampigia Hussen.

"Kile kipande cheusi unacho?"

"Anacho mwenyewe."

"Nakihitaji."

Hussen alimpelekea Bi Debora salamu hizo, na jibu likarudi kupitia kwa Dativa: akikitaka, aje achukue mwenyewe, na aje na besi.

Mzee Jafari alikuja Kitomanga mwanzoni mwa Desemba, anaendesha gari lake mwenyewe. Hussen aliitwa pia, na alikuja na kiboksi chake cha zana. Stephano alikuwa ameshapita hapo siku chache kabla, peke yake, na kilo mbili za sukari. Aliyozungumza na mama hakuna aliyeyajua.

"Shikamoo, dada," Mzee Jafari alisema.

"Marahaba. Karibu. Unapiga?"

Yule mzee alikaa, akaweka sanduku la besi magotini. "Nilipiga, ujanani. Nilikuwa na bendi na wenzangu wanne. Biashara ilipoanza nikaacha. Halafu nikaanza kuzinunua." Akafungua kufuli za sanduku, akasita. "Kusema kweli ninaogopa kuzigusa. Nisije nikagundua nimesahau."

"Ukigundua, utakuwa umejua," Bi Debora alisema. Akatoa kipande cha mpingo kwenye pindo la khanga, akampa Hussen. "Kirudishe. Ulikitoa wewe."

Hussen aliketi chini kwenye mkeka. Alitoa kile cha mfupa, akakiweka kwenye bahasha ya Mzee Jafari. Alisafisha mfereji wa shingo kwa brashi ndogo, akajaribu mpingo, akautoa, akakwangua chembe ya gundi, akajaribu tena. Kile kipande chenyewe hakukigusa kwa tupa. Alipozikaza nyuzi, aliinama, akaweka sikio karibu na shingo, akaukwaruza uzi mmoja mmoja kwa kidole. Uzi wa pili ulikuwa unanung'unika. Akageuza skrubu moja robo mzunguko, akasikiliza, akarudisha nyuma kidogo, na mnung'uniko ukaisha. Aliponyanyua kichwa aliona Bi Debora anaitazama mikono yake.

"Valentini naye alisikiliza hivyo hivyo," alisema. "Sikio chini."



Mzee Jafari alipiga. Alipiga vibaya. Vidole vyake vilikuwa vinene na laini, vikachelewa, vikaruka nyuzi. Mara ya kwanza alisimama, akaomba radhi. Bi Debora akamwambia aache kuomba radhi, apige noti moja tu, ile ile, mpaka aambiwe basi. Akapiga noti moja, labda mara hamsini. Jasho lilimtoka kwenye upara. Kisha mama akamruhusu ya pili. Saa ya chakula ilipofika walikula ugali na kisamvu cha nazi, wakarudi barazani, na kufikia alasiri yule mzee alikuwa anaweza kuzunguka noti nne bila kuanguka. Alicheka peke yake kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Aliondoka na besi yake. Hakusema ataileta tena, na Bi Debora hakumwomba aseme. Alimwambia tu asizitie maji hizo ngozi za vidole kwa siku mbili, zipate kukomaa.

Hussen alifunga kiboksi chake cha zana taratibu kuliko ilivyohitajika. Mama yule alikuwa ameshaanza kukusanya sahani.

"Mama," alisema, "umenisamehe?"

Bi Debora alifikiri. Alionekana kulichukulia swali lile kwa uzito, kama anayepima kweli.

"Bado," alisema. "Siwezi kukudanganya. Nikikumbuka ile Jumamosi, jinsi nilivyoimba, bado naona aibu." Akapanga sahani juu ya sinia. "Lakini Jumanne Dativa analeta hapa spika ya kwaya yao, imekufa tangu Pasaka, na mafundi wa mjini wameshindwa. Njoo uitazame."

"Nitakuja."

"Uje asubuhi. Mchana mimi niko shambani."

Hussen akaaga, akapita kati ya mikorosho kuelekea barabara kuu, akihesabu kichwani vifaa ambavyo spika ya namna ile ingeweza kuhitaji.